Akaunti moja nyumba nzima: anayetuchungulia ni kampuni au ni sisi wenyewe?

Mkwe Mtulivu (mleta mada)
Wadau, nalileta hili nikiwa bado na aibu usoni. Wiki iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Bukoba kumwona mjukuu. Jioni tumekaa sebuleni wote, akaomba nimwekee mahubiri YouTube kwenye TV. Nikafungua. Juu kabisa zimejipanga picha kubwa kubwa: tiba ya bawasiri, bawasiri bila upasuaji, vyakula vya kuepuka mwenye bawasiri. Mama hakuwa na miwani, kwa hiyo alikuwa anasoma kwa sauti, neno moja moja, na mjukuu anamsaidia.

Video hizo nilizitazama kwenye simu yangu, chumbani, saa nane usiku, sauti nimezima. Asubuhi nikakuta chupa ya chai mlangoni, ndani mizizi iliyochemshwa.

Sasa swali langu si la afya. TV niliiwekea Gmail yangu siku ya kwanza kwa sababu kijana wa dukani alisema iwekwe. Hakuna aliyeniuliza kama ya chumbani yaonyeshwe sebuleni. Je, kampuni hizi zilazimishwe na sheria ziache kuunganisha vifaa vya nyumbani mpaka mwenye akaunti akubali kifaa kwa kifaa? Au ni uzembe wetu tu?

Bandubandu
Pole mkuu. Mizizi ulikunywa?

Mzee Kifimbo
Kama huna cha kuficha, unaogopa nini? Sisi tumekulia Magomeni, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, na jirani anajua mpaka ulichopika. Siku hizi kijana anataka siri hata na TV yake. Mwanaume anayemficha mkewe simu ana lake jambo.

Shangazi Tunu
Mzee Kifimbo, hapo Magomeni kila chumba kilikuwa na pazia mlangoni au hakikuwa nalo?

Mkwe Mtulivu
Mzee Kifimbo, soma vizuri kabla ya kuandika. Nimesema namficha mke wangu wapi? Mke wangu anajua habari ya bawasiri tangu Januari. Mama yake ndiye hakutakiwa kujua. Hivyo ni vitu viwili tofauti na mtu mwenye wakwe anaelewa.

Fundi wa Waya
Jamani, nimesoma nikacheka lakini jambo lenyewe ni dogo. YouTube inaweka historia kwenye akaunti, haiweki kwenye kifaa. Akaunti ikiwa moja, ulichotafuta kwenye simu kitakusubiri sebuleni, na katuni za watoto zitakufuata mpaka ofisini. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya Shughuli Zangu, zima historia ya YouTube, au iweke ijifute yenyewe kila baada ya miezi 3. TV ifungulie Gmail yake, isiyo na jina la mtu. Kazi ya dakika tano.

Tatizo kubwa ninaloliona mimi hapa kibandani ni jingine. Kila siku naletewa simu yenye Gmail ambayo mwenye simu haijui. "Aliweka yule kijana aliyeniuzia." Siku akiifuta simu yote, inamdai akaunti ileile, na kijana hapatikani. Sasa huyo kijana picha zako anazo au hana? Kama kuhifadhi picha mtandaoni kuliwashwa, anazo.

Jirani wa Kayole
Sisi huku Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kamishna wake. Lakini soma kifungu cha 51: mambo ya mtu binafsi au ya nyumbani kwake yameachwa nje. Kampuni unaweza kuishtaki, lakini mkwe akisoma mambo yako kwa TV, hakuna ofisi ya kwenda. Nyinyi huko najua bado mnaamka, kwa hivyo polepole.

Bandubandu
Bado tunaamka? Sheria yetu ipo tangu 2023. Mwaka huohuo nyie mlikuwa kwenye foleni pale KICC Nairobi mnapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, wale wa sarafu ya mtandaoni, kwa shilingi elfu saba. Mtu aliyeuza jicho asije kutufundisha faragha.

Jirani wa Kayole
Mimi sikuwa kwa hiyo laini, nilikuwa kwangu nafua. Na serikali iliisimamisha Agosti 2023, halafu Mahakama Kuu ikaamuru mwaka wa 2025 data yote ifutwe. Nyinyi mlipanga foleni ya vitambulisho vya NIDA mkatoa vidole vyote kumi ndiyo laini za simu zisifungwe 2020, na hamkupewa hata mia. Nani mjinga hapo?

Bandubandu
Vidole tulitoa kwa serikali yetu. Macho mlitoa kwa mtu msiyemjua. Tofauti ndiyo hiyo.

Mwanasheria Mtoro
Bandubandu, sheria ni Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Ukitaka kupigana na Wakenya, angalau enda na tarehe kamili.

Na mleta mada, kukubali kwako kupo. Siku ile uliyobonyeza "Ninakubali" kwenye TV bila kusoma.

Mkwe Mtulivu
Hapo ndipo mnaponiudhi ninyi mliosoma sheria. Nilibonyeza kwa rimoti. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo, kurasa sijui ngapi, mtoto analia anataka katuni, kijana wa dukani anataka nauli aondoke. Mahakamani hiyo mtaiita ridhaa?

Kipanga
Historia ya YouTube ni kitu cha mtoto. TV zenyewe zinapiga picha vioo vyake. Kuna kampuni moja Marekani ilipigwa faini kwa hilo, Visio sijui, mamilioni ya dola.

Mwanasheria Mtoro
Vizio, Februari 2017, dola milioni 2.2. TV milioni 11. Zilikuwa zinachukua vipande vya picha ya kioo sekunde kwa sekunde, zinalinganisha na kumbukumbu za vipindi, zinajua unatazama nini hata kama ni deki ya DVD au king'amuzi. Kwenye TV nyingi huduma hiyo bado ipo, imefichwa kwa majina matamu. LG wanaiita Live Plus. Nani atashuku kitu kinachoitwa hivyo?

Mzee Kifimbo
Nami nasisitiza. Kwenye ndoa paswedi ziwe wazi. Mimi na mama watoto miaka thelathini na moja, simu moja iko mezani, anayetaka apokee.

Shangazi Tunu
Iko mezani kwa sababu ni ya tochi, Mzee. Haina YouTube.

Mzee Kifimbo
Ya tochi inakaa na chaji siku nne. Yenu je?

Mpemba wa Muscat
Asalaam alaykum ndugu zangu. Fundi kasema tenga akaunti, yatakwisha. Mie hayakwisha. Hapa Muscat nyumbani kila mtu ana akaunti yake, kishikwambi cha wanangu kina ya kwao. Mwezi wa Shaaban nikawa natafuta tikiti za Zanzibar kwa siri, nataka niwashtukize tukafungie Ramadhani kwa bibi yao. Siku ya pili binti yangu ananiletea kishikwambi: "Baba, tunakwenda Unguja?" Katikati ya mchezo wake wa kupanga rangi limetokea tangazo la ndege, Muscat kwenda Zanzibar. Akaunti mbali, simu mbali. Wi-Fi ndiyo moja. Sasa Fundi, nambie.

Fundi wa Waya
Sheikh, mimi sikusema yatakwisha, nilisema ya YouTube yatakwisha. Msiniwekee maneno mdomoni.

Hilo lako ni la matangazo. Vifaa vyote vinavyotumia ruta moja vinatoka nje na anwani moja ya intaneti. Wauza matangazo wakiona simu na kishikwambi kila usiku viko nyuma ya anwani ileile, wanakisia ni nyumba moja. Hapa Bongo wengi tunatumia ruta za laini, na huko anwani moja hugawiwa wateja wengi, kwa hiyo kukisia kunakuwa kugumu kidogo. Si kwamba wametuonea huruma, ni uhaba wa anwani. Kwenye simu nenda ulifute kitambulisho cha matangazo, halafu kishikwambi nacho vilevile.

Kipanga
Tumia hali fiche ya kivinjari, ile incognito. Hakuna anayekuona.

Mwanasheria Mtoro
Watu walidhani hivyo hivyo, ndiyo maana Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020. Mwaka 2024 wakakubali kufuta rundo la kumbukumbu zilizokusanywa watu wakiwa kwenye hali hiyo fiche. Hali fiche inamficha mtu na mke wake. Tovuti zinakuona kama kawaida.

Mzee Kifimbo
"Inamficha mtu na mke wake." Nilisema nini mimi?

Nyota ya Asubuhi
Mimi ni msomaji tu, siandikagi. Nilifanya kazi za ndani Mikocheni miaka mitatu. Bosi alinipa simu yake ya zamani, nikashukuru, sikuwa na simu. Jumapili moja niliomba ruhusa niende kanisani. Nilipitia Mbagala kumwona mtu. Niliporudi akaniuliza, "Mbagala hawajambo?" Nilidhani amenifuatia mtu. Nikawa natembea naangalia nyuma, mwaka mzima, mpaka kaka yangu akaniambia simu ina Gmail ya bosi, inamwonyesha ilipo. Mleta mada anaongelea kuulizwa na kampuni. Mimi nani alitakiwa kuniuliza?

Bandubandu
Pole dada. Ila Jirani wa Kayole hajajibu suala la macho.

Jirani wa Kayole
Nimejibu. Ni wewe hujui kusoma. Na hizo pesa mlikuwa mnazionea wivu.

Kipanga
Mimi nilikuwepo Nairobi wakati huo kikazi, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya sukari miaka ile. Siwalaumu, njaa ni njaa.

Jirani wa Kayole
Nani ako na njaa? Mnaomba mahindi kwetu au sisi kwenu?

Shangazi Tunu
Ninyi ndio mnanunua kwetu jamani, hapo Namanga malori yamejaa. Lakini tuache mahindi. Mkwe Mtulivu, mama alishaondoka?

Mkwe Mtulivu
Bado yupo. Na sasa ananiletea mizizi mara mbili kwa siku, na amempigia simu dada yake Muleba aongeze mingine. Ukoo mzima unajua.

Nimefanya alivyosema Fundi. Nimeingia kwenye akaunti, sehemu ya usalama, orodha ya vifaa. Nimekuta saba. Simu yangu, TV, kishikwambi cha mtoto, kompyuta ya ofisini, simu ya mke. Ya sita ni simu niliyomuuzia jamaa wa Tegeta 2021. Ya saba siijui hata ni nini, imeandikwa tu "Android", ilitumika mara ya mwisho juzi. Nimeitoa, jasho linanitoka.

Mwanasheria, hiyo ya saba nayo niliiridhia?

Mwanasheria Mtoro
Ya saba badilisha paswedi leo hii, usisubiri. Kuhusu ridhaa narudi nyuma kidogo: kubonyeza ili TV iwake si sawa na kukubali upelelezi. Mwaka 2022 majimbo 40 ya Marekani yaliwabana Google wakalipa dola milioni 391.5 kwa jambo la aina hiyo. Mtu amezima historia ya mahali, kumbe kuna swichi nyingine ya shughuli za wavuti na programu inaendelea kurekodi alipo. Swichi mbili, umeambiwa habari ya moja.

Mzee Kifimbo
Milioni mia tatu tisini? Na mwenye kuchunguzwa alipata ngapi?

Mwanasheria Mtoro
Zililipwa kwa majimbo.

Mzee Kifimbo
Bora hata wa Kayole.

Jirani wa Kayole
Asante Mzee. Mwishowe mtu mwenye akili.

Mama Wawili
Samahani nawarudisha nyuma. Nimesoma aliyoandika Nyota ya Asubuhi nikaacha mboga jikoni. Msaidizi wangu nilimpa simu yangu mwaka juzi. Nilitoa laini tu. Sasa hivi nimefungua picha zangu mtandaoni, nimeteremka chini, nimekuta zake. Ni nyingi, zinapita mia nne. Nilikuwa naona ujumbe kwamba nafasi inajaa nikadhani ni video za watoto wangu, nikawa nalipia kila mwezi. Nizifute?

Fundi wa Waya
Usifute! Simu yake bado ina akaunti yako, ukifuta huko zinafutika na kwenye simu yake. Umeshagusa chochote? Kama umefuta zinakaa kwenye tupio siku 60, zirudishe. Kwanza mfungulie Gmail yake, zihamishie huko, ahakikishe mwenyewe amezipata. Ndipo uitoe ya kwako.

Nyota ya Asubuhi
Na umwambie kabla hujagusa kitu. Usifanye akiwa sokoni.

Mama Wawili
Sijagusa. Ila nimeona. Za mwanzo kabisa ni za mtoto mchanga kwenye beseni, halafu anakaa, halafu anasimama ameshika kiti. Mwaka wa pili huu yuko kwangu, analala chumba kimoja na wanangu, hajawahi kuniambia ana mtoto. Nitaanzaje kumwambia nimeziona?

Shangazi Tunu
Na sisi tumeshaambiwa kabla yake.

Mama Wawili
Najaribu kulifuta bandiko. Linaniambia muda wa kuhariri umepita.