Kusoma mtandaoni tamthilia zilizosahaulika: tuanze na ipi?

Swali

Ndugu zangu, sisi ni kikundi cha wapenzi wa tamthilia tulioenea katika nchi mbalimbali, na tunataka kusoma kwa sauti, kwa njia ya Zoom, kazi za waandishi ambao kumbi kubwa ziliwapa kisogo kwa sababu ya rangi au jinsia yao. Tumependekezewa *Rachel* ya Angelina Weld Grimké na *Trouble in Mind* ya Alice Childress, wote wanawake Weusi wa Marekani. Hofu yangu ni kwamba usomaji usio na jukwaa, mavazi wala taa utamfanya msikilizaji aamini kuwa tamthilia hizi ziliachwa kwa kukosa uhai. Tuanze na ipi, na tuisome vipi ili tumtendee mwandishi haki?

Jibu la kwanza

Anzeni na *Trouble in Mind*. Wahusika wake ni waigizaji walio katika mazoezi ya mchezo mwingine, kwa hiyo msomaji anayeonekana kwenye skrini akiwa na karatasi mkononi anafanana kabisa na mhusika anayemwigiza. Mapema tu Wiletta, mwigizaji Mweusi mwenye uzoefu, anamfunda kijana John namna ya kuishi na wakubwa wa jukwaa: acheke wanapotania, na akiulizwa amewahi kuigiza wapi, adai kwamba alikuwamo katika *Porgy and Bess*, opera mashuhuri kuhusu Weusi wa Marekani, hata kama ni miongoni mwa watoto. Maneno hayo yanachekesha na kuchoma kwa wakati mmoja, na hayahitaji taa. Baadaye Wiletta mwenyewe anashindwa kuufuata ushauri wake, anapomhoji mwongozaji Mzungu inakuwaje mama katika mchezo wanaoufanyia mazoezi amtoe mwanawe kwa watu watakaomuua.

Kilichoizuia tamthilia hii hakikuwa udhaifu wake. Ilionyeshwa New York mwaka 1955, nje ya Broadway, yaani kumbi kubwa za kibiashara za jiji hilo, ikiwa na mwisho uliolainishwa ambao Childress hakuridhika nao. Ilipopangwa kupelekwa Broadway mwaka 1957, alitakiwa kuibadilisha zaidi, akakataa, na mpango ukafa. Ilifika huko mwaka 2021, ilhali yeye alifariki mwaka 1994. Hakikisheni, tafadhali, kwamba mnasoma toleo lenye mwisho alioutaka yeye.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila nisingependa *Rachel* iwekwe kando. Ilionyeshwa Washington mwaka 1916 chini ya udhamini wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, na pale mama anapowafichulia watoto wake kwamba baba yao na kaka yao waliuawa na genge la Wazungu, sauti moja iliyotulia inatosha kabisa.

Ugumu wake ni maelekezo ya jukwaani, ambayo ni marefu mno. Mwanzoni chumba kinaelezwa hadi picha zilizotundikwa ukutani. Msimulizi akiyasoma yote, wasikilizaji watachoka kabla mhusika yeyote hajafungua kinywa. Yapunguzeni, lakini kwa uangalifu: mwishoni mwa tendo la pili Rachel anavinyofoa vitumba vya waridi alivyoletewa na kuvikanyagakanyaga huku akiapa kutozaa. Hapo msimulizi akinyamaza, mtakuwa mmeiondoa nusu ya kiapo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, tunahitaji kibali? Na pale wahusika wanapokatizana maneno, tufanyeje?

Jibu la tatu

Kwa Childress, ombeni kibali kwa wasimamizi wa haki zake, na mtaje wazi kwamba usomaji utarushwa mtandaoni, na kama utarekodiwa, kwa sababu kibali cha ukumbini huenda kisihusu hayo. *Rachel* ilichapishwa mwaka 1920, na nchini Marekani hakimiliki yake imekwisha. Lakini nchi nyingine huhesabu miaka 50 au 70 tangu mwandishi afariki, naye Grimké alifariki mwaka 1958, kwa hiyo ulizieni sheria za kila nchi mtakayosikika.

Kuhusu kukatizana, programu ya mikutano mara nyingi huipa nafasi sauti moja na kuifinya nyingine. Kila msomaji avae visikilizi vya masikioni na azime kichuja kelele. Palipoandikwa kwamba mhusika anakatizwa, anayekatizwa anyamaze mwenyewe kwenye neno mliloafikiana, na mwenzake adakie papo hapo. Jambo hilo halifanikiwi bila mazoezi, na ndiyo maana nawasihi msiwaite wasikilizaji siku ambayo ninyi wenyewe mnausoma mchezo kwa mara ya kwanza.