Naomba ushauri: tuhamie Nairobi au tubaki Arusha?

Wakuu, naombeni ushauri. Mume wangu amepata kazi Nairobi, nasi tuko Arusha na watoto wawili wa shule ya msingi. Mshahara ni mnono, ila nikipiga hesabu ya kodi ya nyumba na nauli za kila siku kule, naona unayeyuka.

Kinachoniumiza kichwa hasa ni shule. Huku wanafundishwa kwa Kiswahili, Kenya masomo ni kwa Kiingereza, na mkubwa yuko darasa la tano. Atarudishwa nyuma? Shule za serikali huku hazina ada hadi kidato cha sita tangu 2022, japo michango haiishi.

Au yeye aende peke yake, awe anarudi wikiendi kupitia Namanga? Mlioishi pande zote mbili mkiwa na watoto, mngefanyaje? Na bima ya afya mlikatia wapi?