Mrejesho: Paneli ya geji za Ford ya 1932 imekamilika

Wakuu, salaam. Niliwauliza namna ya kujitengenezea paneli ya geji (vipimo vya dashibodi) yenye urembo wa miduara kwa ajili ya hotirodi yangu, yaani gari la muundo wa zamani lililoboreshwa, Ford ya 1932 yenye bodi ya faiba. Imekamilika, na ushauri wenu umenibeba.

Nimetumia bamba la alumini la milimita 3. Matundu ya geji ndogo ni milimita 52, la spidomita 86. Kingo nikazilainisha kwa tupa.

Miduara ndiyo iliyokula muda, na ndiyo raha yenyewe. Ni urembo uleule uliokuwa kwenye pua ya Spirit of St. Louis, ndege ya rubani Mmarekani Lindbergh ya mwaka 1927. Kwenye drili ya kusimama nilifunga kijiti chenye msasa nchani, nikaweka tone la oili, nikagusa bamba kidogo tu, kisha nikalisogeza nusu ya upana wa duara. Kila duara linalalia lililotangulia, kama magamba ya samaki. Mliosema nikadirie kwa macho, hapo sikubaliani nanyi: fungeni rula ya chuma iongoze bamba, maana mstari ukipinda hata kidogo, mwanga unauumbua.

Aliyenikumbusha waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme wa geji, Mungu akubariki sana. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila geji nimeivutia waya wake hadi kwenye chasisi. Sindano zote zinasoma sawasawa, hata ya mafuta.

Picha naziweka jioni.