Baada ya kifafa, utajuaje kwamba fahamu zimerudi kweli?

Mhudumu_Chamwino:
Habari za saa hizi wana jukwaa. Kijijini ninapohudumia kuna kaya nne zenye wagonjwa wa kifafa, wote wako kwenye fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa. Kumlaza mgonjwa ubavu na kutomtia kijiko mdomoni wameshaelewa. Shida inaanza mtikisiko ukiisha. Mgonjwa akifumbua macho tu, wanasema "kazinduka": wanampa uji, wanamsimamisha, au wanamwacha peke yake karibu na mafiga. Niwaambie wangoje dalili gani? Na ni wakati gani tukimbilie hospitali, maana usafiri wetu ni bodaboda?

Nesi_wa_Zamu:
Pole na kazi, dada. Kufumbua macho ni mwanzo tu. Wakati wa kifafa kikubwa seli za ubongo zinafyatuka kwa pamoja, kisha ubongo unajifunga breki wenyewe, na damu inayokwenda sehemu iliyohusika inaweza kupungua kwa muda. Kwa hiyo fahamu hurudi vipande vipande. Kwanza mkoromo unapungua na pumzi inatulia. Macho yanafumbuka, lakini anakutazama kama hakuoni. Baadaye anageukia sauti, analijua jina lake, halafu watu wa nyumbani, halafu mahali alipo. Siku na saa huchelewa, na uwezo wa kushika jambo jipya unaweza kuchelewa zaidi. Kwa kawaida safari hiyo ni dakika 5 hadi 30, ingawa uchovu na kichwa kuuma vinaweza kuendelea hadi kesho yake.

Angalizo kwa huku kwetu: ukimwambia "mbukwa" akakuitikia "mbukwa", usihesabu. Salamu imezoeleka mno, ulimi unaitoa wenyewe kabla akili haijafika. Muulize kwa lugha anayoongea nyumbani: jina lako nani, huyu aliyekaa hapa ni nani, tuko wapi, leo siku gani. Mwambie ainue mikono yote miwili. Halafu mpe maneno matatu, tuseme jembe, mbuzi, kisima, na umuulize tena baada ya dakika tano. Akiyasahau yote, bado hajafika. Asikaribie moto, lambo wala barabara.

Kabla ya kumpa chochote kinywani, mkalishe wima, mwambie akohoe na ameze mate. Akiweza, mpe kijiko kimoja cha maji usubiri kidogo. Akipaliwa, au sauti ikiwa kama ina maji kooni, acha. Uji ukiingia mapafuni unaleta nimonia.

Baba_Mlezi_Kongwa:
Naongeza la kumshika. Katika dakika zile za kuchanganyikiwa wengi huinuka na kutaka kwenda, au hupapasa nguo na kutafunatafuna. Ukimbana mikono anapigana, na hapigani kwa chuki: hajui wewe ni nani, anachokihisi ni kubanwa tu. Fungeni mlango unaoelekea jikoni, ondoeni panga na jembe, mmoja asimame kando akiongea pole pole kwa sentensi fupi. Akielekea hatarini, mwelekeze kwa kumgusa kiwiko kutoka ubavuni. Usimzibe njia kwa mbele. Watu wazima wawili wanatosha, majirani wengine watoke nje.

Na tafadhali, dada, rudia kila unapokwenda: povu haliambukizi. Kuna wagonjwa wanaachwa wakikoroma na mdomo umejaa mate kwa sababu ya hofu hiyo. Afutwe kwa kitambaa, uso uelekee chini kidogo ili mate yatoke.

Tabibu_Mpwapwa:
Kuhusu muda, familia iandike nyakati tatu kwenye daftari la kliniki: mtikisiko ulipoanza, ulipoisha, na alipojibu swali la kwanza sawasawa. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko maneno "alikaa sana".

Msisubiri ikiwa mtikisiko umepita dakika 5, au umerudi kabla hajazinduka. Vilevile kama dakika 30 zimepita na hakuna hatua yoyote mbele, kama ni kifafa cha kwanza maishani, kama kulikuwa na homa au shingo ngumu, kama alianguka kwa kichwa, au kama ana kisukari. Kwa mjamzito aliyepita wiki 20, chukulia ni kifafa cha mimba hadi ithibitike vingine.

Bodaboda haimfai asiyejitambua, kwa sababu akikalishwa katikati ya watu wawili shingo inalala na njia ya hewa inaziba. Tafuteni gari, hata pikapu ya mizigo, alale ubavu na mtu akae kichwani pake.

Mkono na mguu wa upande mmoja vinaweza kulegea baada ya kifafa, au asiweze kuongea ilhali anasikia. Hali hiyo huisha yenyewe, pengine nusu saa, pengine hadi saa 36. Ila ikiwa ni mara ya kwanza apelekwe upesi, maana kiharusi hufanana nayo.

Mhudumu_Chamwino:
Asanteni sana. Je, kunusisha kitunguu au kumwagia maji usoni? Na akilala aamshwe?

Nesi_wa_Zamu:
Havifupishi hata dakika moja, na maji yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Alale, ubavu vilevile, lakini kila dakika kumi aitwe jina na kuguswa bega. Kila mara aitikie kwa wepesi kuliko mara iliyopita. Akizidi kuwa mzito, hapo si usingizi wa kawaida.

Dawa isirudufiwe akiwa bado na usingizi, kwani fenobabitoni yenyewe inalevya. Akizinduka kabisa apate dozi yake ya kawaida kwa saa yake. Kichwa kikiuma, mtu mzima anapewa parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500. Tramado hapana, inachochea kifafa.

Tabibu_Mpwapwa:
Moja lisisahaulike. Akipata vifafa kadhaa mfululizo, anaweza kuzinduka vizuri, akakaa siku moja au mbili mzima kabisa, na kwa wengine hadi wiki. Ghafla halali, anasikia sauti, anahubiri, au anaogopa ndugu zake. Watu husema mapepo. Ni ubongo uleule, na unatibika, lakini siku hizo anaweza kujidhuru au kumdhuru mtu. Asiachwe peke yake, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mkoa wetu wa Dodoma, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe wanaipokea hali hiyo. Daftari lile lenye saa muende nalo.