Mawashi geri (teke la kuzungusha) inaishia mbavuni: nirekebishe nini nikifanya mazoezi peke yangu?

Kahawia36

Wakuu, salaam. Nipo kwenye karate ya Shotokan, mkanda wa kahawia, umri 36. Zamu za kazi zinaniachia siku moja tu ya dojo kwa wiki. Siku nyingine ni nyumbani: uwanja mdogo wa saruji, ukuta, kiti cha plastiki, basi.

Mae geri (teke la mbele) haina shida. Mawashi geri inafika mbavuni na kuishia hapo. Nikilazimisha jodan (usawa wa kichwa), mwili unalala nyuma na mikono inashuka. Yoko geri kekomi (teke la ubavuni la kusukuma) inatoka kama mae geri iliyopinda, inagusa kwa wayo badala ya ukingo wa mguu. Nikipiga mateke mengi kuna kitu kinabana mbele ya nyonga, pale kwenye mkunjo wa paja.

Nimenyoosha msamba dakika 20 kila jioni kwa miezi mitatu. Msamba umeshuka, teke halijapanda. Ninakosea wapi, na mtu asiye na mwalimu pembeni apange vipi wiki yake?

---

Kisigino_Mbele

Mkuu, jibu umelitaja mwenyewe. Msamba umeshuka na teke halijapanda, maana yake kinachokuzuia si ufupi wa misuli. Acha kuutazama mguu unaopiga, tazama unaosimama.

Mfupa wa paja una kivimbe juu, upande wa nje. Ukiuinua mguu ubavuni moja kwa moja huku kiuno kimetazama mbele, kivimbe hicho kinakaribiana na mfupa wa kiuno na safari inakwisha, hata uwe na msamba wa kugusa sakafu. Njia hufunguka pale kiuno chote kinapogeuka juu ya mguu wa kusimamia. Kiuno kisipogeuka, paja la mguu unaopiga hulazimika kujisokota kwa ndani ili ugoko ulale, na goti likiwa juu, msokoto huo ndio unaobana mbele ya nyonga. Inaelekea matatizo yako mawili yana chanzo kimoja.

Chukua chaki. Chora mstari kwenye saruji kutoka unaposimama kuelekea shabaha. Shika ukuta kwa mkono wa upande wa mguu wa kusimamia, kisha piga polepole, kila hatua sekunde mbili:

Inua goti mbele kama unaanza mae geri, kisigino kikiwa karibu na kalio. Geuza mguu wa kusimamia mpaka kisigino kiitazame shabaha. Kwa chudan (usawa wa kiwiliwili) robo mzunguko ni kiwango cha chini kabisa, kwa jodan karibu nusu mzunguko. Kiuno kilale ubavu, goti lielekee shabaha au liipite kidogo. Hapo ndipo ugoko ufunguke, na kinachosogea ni ugoko peke yake. Kunja tena ugoko goti likiwa palepale juu, ndipo ushushe mguu. Mara 5 kila mguu, mizunguko 3. Kila baada ya teke ganda, angalia kisigino kimelala wapi juu ya chaki. Usiangalie wakati unapiga, maana kichwa kikiinama na mgongo unainama.

Kisigino kigeuke wakati goti linapanda. Wengi hugeuza baada ya mguu kufunguka, na hapo goti la kusimamia ndilo linalomeza msokoto wote: gegedu la ndani ya goti na kano ya upande wa ndani. Kwenye saruji hatari inazidi ukivaa raba yenye soli ya kushika. Vaa kiatu chepesi cha turubai kilicholika soli, uzito uweke nyuma tu ya vidole, kisigino kiachie sakafu kiasi cha kupitisha karatasi.

Kekomi nayo inaumwa ugonjwa uleule. Vidole vikitazama juu, kiuno hakijapinduka. Weka kiti chako kati yako na shabaha, mgongo wa kiti ukikuelekea. Goti lipande juu ya mgongo wa kiti, mguu utoke na kurudi bila kukigusa. Mwisho wa teke kisigino kiwe juu kidogo kuliko vidole, na kisigino, kalio na bega vikae kwenye mstari mmoja. Usiichanganye na keage. Ile ya kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) za Heian Nidan na Heian Yondan ni ya kufyatua kwenda juu na kurudi, hii ni ya kusukuma.

Kuhusu kulala nyuma: kuinama kidogo kwa jodan si kosa. Kipimo ni kama unaweza kukunja mguu na kubaki umesimama kwa mguu mmoja sekunde mbili, mikono ikiwa juu. Kwenye kumite (mapambano) ya WKF, shirikisho la karate la dunia, teke la jodan ni pointi 3 na la chudan 2, lakini waamuzi wanadai umbo, umbali na zanshin (kubaki macho na tayari baada ya pigo). Anayepiga huku anaanguka amejinyima pointi mwenyewe.

---

Bi_Nyonga

Kaka, hayo ya kisigino ni kweli tupu, naomba niongeze upande wa nguvu, maana hapo ndipo watu wa msamba wanapopotea.

Fanya kipimo hiki ukiwa umeshapasha mwili. Simama kando ya ukuta, inua mguu ubavuni kwa mkono wako mpaka mwisho wake. Achia mkono bila kuinamisha mwili. Tofauti kati ya pale mkono ulipoufikisha na pale mguu ulipobaki ndiyo unayokosa, na ni nguvu, si mnyoosho. Ikizidi shibiri moja, usiongeze hata dakika ya msamba. Zile dakika 20 zipunguze ziwe 8, zilizobaki zipe kazi hii:

Mguu ukiwa umenyooka kwenye umbo la mwisho la teke, ushike hapo sekunde 5, mara 5 kila upande. Anza usawa wa kiuno, panda kwa upana wa vidole viwili kila wiki ikiwa kiuno hakitikisiki. Halafu lala ubavu, inua mguu wa juu mara 12, mizunguko 3, vidole vikitazama mbele na si juu. Vikitazama juu, kazi inahamia kwenye misuli ya mbele ya paja na ya kalio inalala. Mguu wa kusimamia nao unataka misuli hiyohiyo ya ubavu wa kalio. Ikiwa dhaifu, kiuno hubonyea upande na teke hupoteza kimo hapohapo.

Mbele ya nyonga: piga goti moja chini, bana makalio mpaka kiuno kijikunje kwa chini, ndipo usogee mbele kidogo. Sekunde 30, mara 2 au 3. Ukisogea bila kubana makalio utaukunja mgongo tu na nyonga haitanyooka hata kidogo. Anayekaa kwenye kiti zamu nzima asiiruke hii.

Kwa sasa usipige jodan wiki mbili, baki chudan na chini. Kubana kukiendelea usiku, au ukiinama kuvaa viatu, au nyonga ikikwama na kulia, nenda kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia. Na maumivu yakiwa kwenye mfupa wa kukalia, chini ya kalio, acha msamba siku hiyohiyo. Hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja unapojishikiza, na ukichanika pale unahesabu miezi.

Mnyoosho wa kutulia uwe mwisho wa mazoezi. Kabla ya mateke, dakika 5 za kuruka kamba au kukimbia papo hapo, kisha bembeza mguu mbele mara 12 na ubavuni mara 12, ukianzia chini na kupanda.

---

Mkanda_Mweusi_Kazi

Naungana nanyi, ila kwa Kisigino_Mbele nina neno moja. Kuinua goti mbele kwanza ni sawa kwa kumite, kwa sababu mpinzani hajui kama inakuja mae geri au mawashi. Lakini huyu ndugu ni kahawia, mbele yake kuna mtihani wa shodan (mkanda mweusi wa kwanza), na kwenye kihon (mazoezi ya msingi) dojo nyingi za Shotokan zinataka goti lipande kwa ubavuni, paja na ugoko vikiwa sambamba na sakafu kabla ya kiuno kuzunguka. Akizoea moja tu, mtihani utamtoa.

---

Kisigino_Mbele

Hapo nakubali, Mkuu. Basi mzunguko wa kwanza goti la ubavuni kwa ajili ya kihon, miwili inayobaki goti la mbele. Kisigino hakibadiliki kwa njia yoyote kati ya hizo.

---

Kahawia36

Ahsanteni sana. Kipimo cha ukuta: kwa mkono mguu unafika usawa wa bega, nikiachia unaanguka chini ya kiuno. Chaki inasema kisigino kinageuka chini ya robo. Kwa hiyo wote mmelenga. Nisaidieni ratiba sasa, na mwezi wa Ramadhani nifanyeje ili nisirudi nyuma? Begi la kupigia pia nafikiria kulijaza mchanga.

---

Mkanda_Mweusi_Kazi

Mchanga hapana. Unashuka chini ya begi na kuwa jiwe, na pale chini ndipo mateke yanapotua. Utaumiza mifupa ya mgongo wa mguu. Jaza vipande vya nguo kuukuu, ushindilie tabaka kwa tabaka, ukitoa kwanza vifungo na zipu. Kilo 25 hadi 30 zinatosha kuanzia. Ukipiga kwa haisoku (mgongo wa mguu), nyoosha kifundo mpaka mwisho na ukikaze. Kikiwa legelege vidole vinatangulia na kukunjwa.

Kabla ya begi hujachelewa kitu. Ning'iniza kitambaa kwa uzi, usawa wa sikio lako. Teke sahihi linakifyatua kitambaa na kurudi. Linalosukuma linakibeba tu. Kwenye hewa tupu usifungue goti mpaka liguse mwisho wake kwa nguvu zote. Zuia kwa msuli likiwa limebakiza mkunjo mdogo, la sivyo nyuma ya goti itavimba.

Ratiba: siku tatu nyumbani, dakika 30 kila moja pamoja na kupasha mwili, na ile ya dojo.

Siku ya kwanza polepole: chaki, ukuta, kiti, kisha Heian Yondan mara 3 kwa mwendo wa kobe, mateke yakishikiliwa sekunde 3 juu. Siku ya pili kasi: mateke 30 kila mguu, kwa mafungu ya 5, mapumziko sekunde 40 kati ya fungu na fungu. Kasi ikishuka au mkono ukianguka, funga hesabu hapo hata kama ni 20. Teke la 21 lililochoka linaufundisha mwili kupiga vibaya, na mwili haubagui unachofundishwa. Siku ya tatu nguvu, yale ya Bi_Nyonga. Mguu dhaifu uanze siku zote, maana wa pili hupata mabaki.

Usiweke siku ya kasi kesho yake baada ya siku ya nguvu; nyonga iliyochoka inadanganya kisigino.

Ramadhani kata wingi kwa nusu, lakini kasi usiifute kabisa. Kazi ya polepole na kata iweke nusu saa ya mwisho kabla ya futari, ili ukimaliza maji yawe karibu. Kasi na nguvu ziwe baada ya tarawehe, mafungu 3 tu ya mateke 5. Maji yanywe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku. Ukiyabugia yote kwa mara moja, mengi yanapita tu.

---

Bi_Nyonga

Jambo moja la kufidia mwalimu asiyekuwepo: simu. Iweke kimo cha kiuno, hatua nne nyuma yako, si ubavuni. Kutoka nyuma ndipo unapoona kiuno kikibonyea. Rekodi mateke 3 mwanzoni mwa kila siku ya kasi, isimamishe picha goti linapofika juu kabisa, kabla ugoko haujafunguka. Kama kwenye picha hiyo kisigino cha kusimamia bado kinaitazama kamera, teke hilo limeshaharibika kabla halijatoka.