Monita ya inchi 27 au 32 kwa kazi ya kusoma maandishi kutwa?

Msahihishaji:

Habari zenu, wakuu. Kazi yangu ni kusahihisha miswada, na siku hizi karibu kila ukurasa naupitia kwenye kompyuta. Mwaka jana niliacha monita ya inchi 22 nikachukua ya inchi 27, zote mbili zikiwa na rezolusheni (idadi ya nukta za kioo, upana kwa kimo) ya 1920 kwa 1080, kwa imani kwamba kioo kikubwa kitanipunguzia kukodoa macho. Herufi zimekuwa kubwa kweli, lakini kingo zake zina meno, na ifikapo alasiri macho yananiwasha na kichwa kinaniuma. Kinachonisumbua zaidi ni alama ndogo: ritifaa ya "ng'oa" hushikana na herufi g hadi nisijue kama mwandishi ameiweka au ameisahau, na nukta nikaidhania mkato. Sasa nafikiria kununua ya inchi 32 yenye 2560 kwa 1440. Nakaa sentimita 65 kutoka kwenye kioo, nimepima kwa futi. Je, nitapata nafuu?

Nukta Ndogo:

Ndugu Msahihishaji, nakusihi usiinunue hiyo ya inchi 32 kabla hatujafanya hesabu, kwa sababu kilichokuumiza mwaka jana ndicho unachotaka kukirudia. Monita yako ya zamani ilikuwa na pikseli, yaani zile nukta zinazounda picha, takriban 100 katika kila inchi. Ulipohamia inchi 27 bila kuongeza rezolusheni, pikseli zilezile zilitandazwa juu ya kioo kipana zaidi, zikabaki 82 kwa inchi. Yaani ulinunua nukta kubwa zaidi, hukununua maandishi safi zaidi. Hiyo ya inchi 32 unayoifikiria ina pikseli 92 kwa inchi, sawa kabisa na monita ya kawaida ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, na bado ni chini ya ile uliyoiacha.

Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukitaka kujua umbali ambao nukta za monita huanza kuyeyuka na kuonekana mstari mmoja laini, gawanya 8,700 kwa idadi ya pikseli kwa inchi, nawe utapata jibu kwa sentimita. Kwa monita yako ya sasa ni sentimita 106, ilhali wewe umekaa 65, kwa hiyo jicho lako linayaona hayo meno kutwa nzima. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 hufika pikseli 109, na umbali unashuka hadi sentimita 80. Inchi 27 yenye 3840 kwa 2160 hufika 163, na umbali wake ni sentimita 53, hivyo ukikaa hapo ulipo nukta hutaziona.

Angalia pia herufi yenyewe. Fonti ya pointi 11 isiyokuzwa humpa "a" ndogo kimo cha takriban pikseli 7 tu, na katika hizo 7 lazima zipatikane tumbo, mgongo na nafasi iliyo kati yake. Katika monita ya 3840 kwa 2160 ambayo mfumo umekuza kwa asilimia 150, "a" hiyohiyo huchorwa kwa pikseli 11 hivi. Ritifaa yako itapata mahali pake pa kukaa, mbali na g. Mimi ningechukua inchi 27 ya namna hiyo, bila kusita.

Miwani Mbili:

Nakubaliana na hesabu ya Nukta Ndogo, ila naongeza jambo la shingo. Kama unavaa miwani yenye nguvu zaidi ya moja katika lenzi, sehemu ya kusomea huwa chini, na kioo kirefu kitakulazimisha uinue kidevu kila unaposoma mistari ya juu. Nilitumia inchi 32 kwa miezi kadhaa, maandishi yakiwa safi sana, lakini shingo ilikakamaa mpaka nikairudisha. Kioo cha inchi 24 kina kimo cha sentimita 30 hivi, kinachotosha ukurasa mzima wa A4 kwa ukubwa wake halisi. Inchi 27 huweka kurasa mbili kama hizo bega kwa bega na kubakiza nafasi pembeni, na kwa msahihishaji sioni sababu ya kuzidi hapo. Ukingo wa juu usipite usawa wa macho.

Msahihishaji:

Nashukuruni sana, na kweli navaa miwani ya aina hiyo. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ni ya zamani, na tundu lake la HDMI, la kuchomekea waya wa monita, ni la toleo la 1.4. Je, itaimudu 3840 kwa 2160?

Nukta Ndogo:

Itaimudu, lakini kwa kuonyesha picha mara 30 tu kwa sekunde, na ukiteremsha ukurasa utayaona maandishi yakiruka na mshale wa kipanya ukiburuzika. Tazama nyuma ya mashine kama kuna tundu la DisplayPort la toleo la 1.2 au zaidi, maana hilo hupitisha mara 60 bila shida. Kama halipo, chukua inchi 24 yenye 2560 kwa 1440, ambayo ina pikseli 122 kwa inchi. Tafadhali usije ukashusha rezolusheni katika mipangilio ili herufi ziwe kubwa, kwa kuwa kioo hulazimika kugawa nukta moja ya picha juu ya pikseli zisizolingana nayo, na kila herufi hupata ukungu. Iache rezolusheni ya asili ya monita, kisha ukuze maandishi kwa asilimia.

Msahihishaji:

Nimetazama, tundu la DisplayPort lipo, na kwa mujibu wa kitabu cha maelezo ni la toleo la 1.2. Nachukua inchi 27 yenye 3840 kwa 2160, na stendi yake nitaishusha hadi mwisho.