Kubadili programu inayofungua faili: kubofya kulia, Settings au amri, ipi inashika?

Kichuguu
Wakuu, tulinganishe kidogo. Nataka PDF zifunguke kwenye SumatraPDF badala ya kivinjari, na picha zifunguke kwenye IrfanView. Mfumo ni Windows 11. Njia ninazozijua ni tatu: kubofya kulia juu ya faili na kuchagua "Open with", kupitia Settings kwenye "Default apps", na zile amri za assoc na ftype, zinazoandikwa kwenye dirisha la amri kuunganisha aina ya faili na programu. Nina kompyuta kadhaa za kupanga, kwa hiyo amri zinanivutia zaidi, unaandika mara moja unamaliza. Kuna aliyezitumia zikashika?

mzee_wa_kubofya
Bofya kulia tu, mkuu. "Open with", halafu "Choose another app", chagua programu, kisha bonyeza "Always". Ukibonyeza "Just once" faili itafunguka safari hiyo, kesho inarudi kulekule. Windows 10 badala ya vitufe hivyo viwili ina kisanduku cha kuweka tiki, na wengi hukipita bila kukiona.

Kama Sumatra yako ni ile isiyohitaji kusakinishwa, huenda usiione kwenye orodha. Shuka hadi chini, chagua "Choose an app on your PC", uielekeze kwenye faili yenyewe ya .exe. Ila iweke kwanza kwenye folda ya kudumu. Ukiiacha kwenye Downloads, siku ukisafisha folda hiyo PDF zote zinabaki bila mwenyewe.

Nasra_T
Kichuguu, kwa kazi hiyo achana na assoc na ftype. Si kwamba zimekufa, bado zipo, lakini zinaandika mahali pasipo na kauli ya mwisho.

Iko hivi. Amri hizo zinabadilisha mpangilio wa mashine nzima, ndani ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Classes. Lakini unapobofya faili mara mbili, Windows huangalia kwanza mtumiaji huyu mwenyewe amechagua nini. Chaguo hilo linakaa upande wa HKEY_CURRENT_USER, chini ya FileExts, kwenye ufunguo unaoitwa UserChoice. Kukiwa na kitu humo, ulichoandika kwa assoc hakina nafasi. Ndiyo maana mtu anaandika amri, inajibu vizuri kabisa, halafu faili inaendelea kufunguka kwenye programu ileile.

Kichuguu
Basi si niandike moja kwa moja kwenye huo UserChoice? Nimeona mafaili ya .reg, yale yanayoandika kwenye rejista, yanagawiwa mtandaoni.

Nasra_T
Hapana. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kila chaguo linaandamana na thamani iitwayo Hash, inayokokotolewa kutokana na kiendelezi (mwisho wa jina la faili, kama .pdf), programu iliyochaguliwa, akaunti ya mtumiaji na mambo mengine. Hash isipolingana, Windows inahesabu kwamba chaguo limechezewa, inalitupa na kurudisha chaguo-msingi lake. Faili ya .reg iliyotoka kwenye akaunti ya mtu mwingine haiwezi kulingana na yako.

Lengo lilikuwa kuzuia programu kujipachika zenyewe bila ruhusa, na kwa maoni yangu lilikuwa lengo zuri. Kuna zana za pembeni zinazokokotoa Hash hiyo, lakini tangu 2024 Windows ina kiendeshi kiitwacho UCPD kinacholinda hasa PDF na viungo vya wavuti. Chaguo linaloshika ni lile mtumiaji analolifanya kwa mkono wake, basi.

Kipanga
Nakubaliana na Nasra, ila mzee_wa_kubofya hajagusa upande wa picha. "Always" inabadilisha kiendelezi cha faili hiyo tu. Umebofya picha ya .jpg? Umebadili .jpg. Picha ya .jpeg bado iko kwa mwenyewe wa zamani, ingawa ndani ni aina ileile. Ongeza .png, .bmp, .gif, .webp, .tif na .tiff, utabofya mpaka uchoke.

Hapo Settings inashinda. Ingia Apps, kisha "Default apps", tafuta IrfanView kwenye orodha, utaona viendelezi vyote inavyoviweza pamoja na anayevishika sasa hivi. Bado unabadili kimoja kimoja, lakini vyote viko mbele ya macho. Kwa PDF peke yake usihangaike huko, kubofya kulia kunatosha.

Sungura_mdogo
Samahani kwa swali la kitoto. Mimi hubadili tu jina la faili, kutoka .pdf kuwa .docx, ili ifunguke kwenye Word. Kuna ubaya?

Kipanga
Faili haijabadilika, umebadili jina tu. Windows inaamini kiendelezi, inaipeleka kwa Word, na Word inakuta ndani hamna ilichotarajia. Rudisha jina la mwanzo. Na washa kuonekana kwa viendelezi (View, Show, "File name extensions"), vinginevyo utajikuta na ripoti.pdf.docx.

pengwini
Huku Linux mambo ni kinyume, amri ndiyo njia safi. Uliza kwanza faili ni ya aina gani:

xdg-mime query filetype ripoti.pdf

Itajibu application/pdf. Kisha:

xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf

Chaguo linaandikwa kwenye ~/.config/mimeapps.list, chini ya [Default Applications]. Ni maandishi matupu, hakuna Hash. Unayanakili kwenda kompyuta nyingine yenye programu zilezile. Angalia tu jina la faili ya .desktop (inayoitambulisha programu), programu ileile ikisakinishwa kwa Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha kwenye Linux, inaweza kuwa na jina tofauti, na ukilikosea amri mara nyingi hailalamiki.

Tausi
Wa Mac: bofya faili, Command+I, sehemu ya "Open with" chagua programu, halafu "Change All". Usipobonyeza hicho cha mwisho, umebadilisha faili hiyo moja pekee. Mimi hilo nalipenda, kuna PDF moja ya fomu nataka ifunguke kwingine na nyingine zote zibaki Preview.

Kichuguu
Asanteni. Sasa zile kompyuta kadhaa? Kukaa kwenye kila moja na kubofya ni adhabu.

Nasra_T
Panga moja kwa mkono mpaka uridhike, kisha toa mpangilio wake kwa DISM, zana ya amri iliyomo ndani ya Windows:

dism /online /Export-DefaultAppAssociations:C:\chaguo.xml

Kwenye nyingine tumia /Import-DefaultAppAssociations na faili hiyohiyo. Kasoro yake ni kwamba inawahusu watumiaji wapya tu, wanapoingia kwa mara ya kwanza. Akaunti zilizopo hazitaguswa. Kama kompyuta zimeunganishwa kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa kutoka seva kuu), tumia Group Policy, yaani kanuni zinazotumwa kwa kompyuta zote, "Set a default associations configuration file", yenyewe husomwa mtumiaji anapoingia, mpya kwa wa zamani. Ubaya wake, mtumiaji akijichagulia kitu kingine, akiingia tena kinafutwa.

Kichuguu
Hakuna domeni. Basi akaunti zilizopo nitazibofya, mbili tatu kwa siku, mpya zitapata XML.

Nasra_T
Sawa. Fungua dirisha la amri kwa "Run as administrator", la sivyo DISM itakupa kosa namba 740 na kugoma. Na hakikisha Sumatra na IrfanView zimesakinishwa kabla mtumiaji mpya hajaingia.